Alama ya bidhaa na alama ya huduma: jua cheti chako kinalinda nini

Wafanyabiashara wengi wakishapata cheti cha alama ya biashara hukitia kwenye fremu, wakakitundika ukutani karibu na leseni, wakaamini kuwa jina lao sasa liko salama kwa kila jambo. Sivyo. Cheti hulinda kile tu kilichoandikwa ndani yake, na mara nyingi kilichoandikwa ni nusu tu ya biashara yenyewe.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja ana mashine ya kusaga nafaka Manzese, Dar es Salaam. Chini ya paa moja anafanya kazi mbili. Kwanza, ananunua mahindi, anakoboa, anasaga na kuuza sembe katika mifuko ya kilo 5, 10 na 25 yenye jina la "Nyota Saba". Pili, anasagia watu: mteja analeta mahindi yake, analipia kusagiwa, anaondoka na unga wake mwenyewe. Jina la "Nyota Saba" liko kwenye mifuko, na liko pia kwenye kibao kikubwa kilichopo nje. Mama huyu alilisajili jina hilo kwa unga, akatulia.

Baada ya muda, mtu mwingine anafungua mashine mtaa wa pili na kuweka kibao cha "Nyota Saba". Hauzi hata kilo moja ya unga. Anasagia watu tu. Wateja wanakwenda kwake wakidhani ni tawi la mama yule. Unga wa baadhi yao unatoka na mchanga, na lawama zinarudi Manzese kwa mama. Je, cheti cha mama kinamzuia jirani huyo?

Jibu linategemea tofauti ambayo wengi huipita bila kuiona: tofauti kati ya alama ya bidhaa na alama ya huduma.

MFUKO NA KIBAO

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Na. 12 ya mwaka 1986, ambayo leo ni Sura ya 326. Kwa mujibu wa sheria hiyo, alama ni ishara yoyote inayoonekana kwa macho, inayotumiwa au inayokusudiwa kutumiwa ili kutofautisha bidhaa au huduma za mtu mmoja na zile za mwingine. Inaweza kuwa neno, picha, nembo, tarakimu au mchanganyiko wake.

Alama ya bidhaa hukaa juu ya kitu: mfuko wa unga, chupa ya soda, mche wa sabuni, doti ya khanga. Humwambia mnunuzi kuwa kitu hiki kimetoka kwa fulani. Alama ya huduma hukaa juu ya kazi. Benki, basi la mikoani, gereji, saluni, shule binafsi, mgahawa, kampuni ya ulinzi na fundi simu wote huuza kazi, na kazi haina ganda la kubandika lebo. Kwa hiyo alama yake huonekana kwenye kibao, kwenye risiti, kwenye sare za wafanyakazi, ubavuni mwa gari na katika matangazo.

Swali la kujiuliza ni moja. Mteja akishalipa, je, anaondoka na kitu nilichokitengeneza au nilichokileta sokoni, au anaondoka akiwa amefanyiwa kazi? Kama ni kitu, unahitaji alama ya bidhaa. Kama ni kazi, unahitaji alama ya huduma. Kama ni vyote viwili, kama yule mama wa Manzese, unahitaji zote mbili, hata kama jina ni lile lile.

Ieleweke kuwa hakuna alama iliyo kubwa kuliko nyingine. Haki ni ile ile na muda wa usajili ni ule ule. Kinachotofautiana ni eneo linalolindwa, ushahidi wa matumizi, na njia ya kumkamata anayeiga.

HUDUMA ZILICHELEWA KUTAMBULIWA

Sheria za zamani zilijali bidhaa peke yake. Kesi inayoonyesha jambo hilo vizuri ni ile ya Uingereza ya Aristoc dhidi ya Rysta, ya mwaka 1945. Aristoc walikuwa watengenezaji wa soksi ndefu za wanawake. Rysta wao walikuwa wakizitengeneza upya soksi zilizochanika, na walitaka jina lao lisajiliwe. Mahakama ya juu ya nchi hiyo iliwakatalia. Hoja yake ilikuwa kwamba alama ya biashara inapaswa kumwonyesha mnunuzi bidhaa ilikotoka sokoni, na anayeshona soksi iliyotoboka siye chanzo cha soksi hiyo.

Msomaji ataona kuwa fundi wa soksi na msagishaji wa Manzese wako katika chungu kimoja. Mali si yao; kazi ndiyo yao.

Marekani iliingiza alama za huduma katika sheria yake ya mwaka 1946, ijulikanayo kama Lanham. Uingereza ilibadili sheria mwaka 1984, na daftari la huduma likafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1986. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka huo huo wa 1986. Kisha mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, uliokuja pamoja na Shirika la Biashara Duniani, ukazitaka nchi wanachama zisajili na kulinda alama za huduma kama zinavyofanya kwa za bidhaa.

MAKUNDI 45

Msajili hasajili jina kwa biashara yote kwa jumla. Husajili jina kwa kundi. Makundi hayo yanatokana na mkataba wa kimataifa uliofanyika Nice, Ufaransa, mwaka 1957. Kwa sasa yapo 45. Kundi la 1 hadi la 34 ni ya bidhaa, na la 35 hadi la 45 ni ya huduma. Kila kundi lina ombi lake na ada yake.

Hapa chini tumepanga baadhi ya biashara za kawaida ili msomaji aone jinsi jina moja linavyoweza kugawanyika:

- Unga wa kuuza ni kundi la 30. Kusagia watu nafaka zao ni kundi la 40.
- Nguo zilizo tayari ni kundi la 25. Ushonaji wa kupima mteja ni kundi la 40.
- Magari na vipuri vyake vingi ni kundi la 12. Gereji ya matengenezo ni kundi la 37.
- Pilipili ya chupa ni kundi la 30. Mgahawa unaoipakua mezani ni kundi la 43.
- Mafuta ya nywele ya urembo ni kundi la 3. Saluni inayoyapaka ni kundi la 44.
- Simu yenyewe ni kundi la 9. Mtandao wa mawasiliano ni kundi la 38, na kutuma fedha ni kundi la 36.
- Usafiri wa abiria na mizigo ni kundi la 39. Shule na mafunzo ni kundi la 41. Ulinzi ni kundi la 45.

Wenye maduka huuliza: mimi nauza bidhaa, mbona naambiwa niende kundi la 35? Sababu ni kwamba duka la rejareja huuza bidhaa za viwanda vya watu wengine. Jina la duka haliko kwenye sabuni wala kwenye mafuta ya kula. Kinachouzwa chini ya jina la duka ni kazi ya kuzikusanya bidhaa mahali pamoja ili mnunuzi achague, na hiyo ni huduma. Siku mwenye duka atakapoanza kufunga sukari au mchele katika mifuko yenye jina lake, hapo ndipo atahitaji pia kundi la bidhaa.

Makundi haya pia yanaeleza jambo lililowaudhi Waswahili wengi. Kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 1994, ikapata usajili mwaka 2003. Habari zilipoenea mwaka 2018, wengi walidhani kuwa maneno hayo yamechukuliwa na kwamba hayaruhusiwi tena kusemwa. Usajili huo ulikuwa wa nguo, ndani ya Marekani. Haukumzuia mtu kuyasema, wala haukuwahusu wenye hoteli za pwani ya Kenya au Zanzibar. Malalamiko kuwa lugha ya watu inageuzwa mali yana uzito wake, lakini mfanyabiashara ajifunze pia upande wa pili: hata kampuni kubwa kiasi hicho hupewa eneo lenye mipaka.

MPAKA SI UKUTA

Turudi Manzese. Je, mama hana la kufanya? Hapana, lipo. Sheria humtaka Msajili aangalie pia bidhaa na huduma zinazohusiana kwa karibu, na wakili anaweza kudai kuwa unga na kusaga ni ndugu wa damu kiasi kwamba wateja lazima wachanganyikiwe. Vilevile kuna kesi ya kumshitaki mtu anayejipitisha kama mwenzake. Hapo mama atatakiwa athibitishe mambo matatu: kwamba jina lake lilikuwa na sifa kwa wateja, kwamba jirani amewapotosha wateja hao, na kwamba yeye amepata hasara.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kwenda mahakamani na cheti na kwenda na hoja. Mwenye cheti cha kundi la 40 huonyesha cheti chake na picha ya kibao cha jirani. Asiye nacho hutafuta mashahidi, risiti za miaka na wakili wa kueleza undugu wa unga na mashine. Ada ya kundi la pili ni ndogo ikilinganishwa na gharama hiyo.

Kuna hatari nyingine pia. Jirani naye anaweza kuwahi kuomba kundi la 40 kwa jina hilo. Akifanya hivyo, mama ndiye atakayelazimika kupinga. Ombi likishakubaliwa hutangazwa katika gazeti la Msajili, na anayepinga ana siku 60. Asiyesoma matangazo hayo hushtuka wakati muda umepita.

JINA LA BIASHARA SI ALAMA

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kuwa kusajili jina la biashara au kampuni kunatosha. Shughuli zote hizi hufanyika kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, na maombi huingizwa kwa mtandao, ndiyo maana watu huzichanganya. Lakini ni madaftari tofauti chini ya sheria tofauti. Cheti cha jina la biashara kinasema nani anafanya biashara kwa jina hilo. Cheti cha kampuni kinasema kampuni imezaliwa. Haki ya kuwazuia wengine wasitumie jina kwa bidhaa au huduma fulani hutolewa na cheti cha alama.

TUMIA, LA SIVYO UTAFUTIWA

Usajili wa kwanza Tanzania Bara ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Pamoja na hayo, alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe. Kwa hiyo usisajili makundi kumi kwa ulafi ikiwa unafanya kazi mbili. Utalipa ada kumi, na manane kati yake yatakuwa wazi kwa yeyote atakayeomba yaondolewe.

Ushahidi wa kutumia alama ya bidhaa ni rahisi kuuweka: mfuko, lebo, ankara, picha ya bidhaa rafuni. Mwenye huduma ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kazi ikiisha haiachi kitu. Tunza nakala za risiti zenye jina na tarehe, mikataba, picha za kibao, gharama za matangazo ya redio, hata oda ya sare za wafanyakazi. Na jina lililo kwenye kibao liwe ndilo lililo kwenye cheti. Ukisajili "Nyota Saba" na kibao kikasomeka "Star Seven", unajenga sifa ya jina usilolimiliki.

BANDARINI NA MAHAKAMANI

Katika kumkamata mwigaji, mwenye bidhaa ana msaada zaidi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, nguvu ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Kontena la betri au dawa za meno zenye alama ya wizi linaweza kuzuiwa bandarini kabla halijafika Kariakoo.

Huduma haipiti bandarini. Hakuna kontena la kufungua wala ghala la kuvamia. Mwenye alama ya huduma hutegemea barua ya wakili, kisha amri ya mahakama ya kumtaka mwigaji ashushe kibao na alipe fidia. Ndiyo maana kwake cheti sahihi na kumbukumbu nzuri ni silaha karibu pekee.

KUVUKA BAHARI NA MIPAKA

Miliki ya alama si jambo la Muungano. Cheti cha BRELA hakilindi jina lako Zanzibar, na cha Zanzibar hakilindi Bara. Visiwani inatumika Sheria ya Miliki ya Viwanda, Na. 4 ya mwaka 2008, na usajili hufanywa na BPRA. Mwenye boti, hoteli au kampuni ya watalii inayohudumia pande zote mbili anahitaji kusajili pande zote mbili.

Kenya na Uganda nazo zina sheria na madaftari yao. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unatoa nafuu moja: ukiomba katika nchi moja mwanachama, una miezi 6 ya kuomba katika nyingine na kuhesabiwa tarehe ile ya kwanza. Anayepeleka unga Mombasa au basi Kampala asisubiri mpaka jina lake lipate mwenyewe huko.

KWA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo naye yumo. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaianzisha Tanzania mwaka 2008. Haina kiwanda wala mfuko. Kinachouzwa ni kazi ya kutuma na kupokea fedha, na jina lake limekuwa neno la kila siku. Hata hivyo, Safaricom ilipoanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi mwezi Juni 2008, na Vodacom Tanzania ilipoingia soko la Dar es Salaam mwezi Agosti 2017, jina hilo lilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza. Safaricom ilikuwa ikilipa ada kwa Vodafone. Ni mwezi Aprili 2020 tu ambapo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini, kupitia kampuni ya pamoja, zilikamilisha kulinunua jina la M-Pesa.

Funzo kwa mnunuzi wa hisa, au kwa anayenunua biashara ya mtu mtaani, ni hili: usinunue sifa ya jina kabla ya kujua jina ni la nani. Wapo wamiliki ambao alama iko kwa jina la mkurugenzi binafsi na siyo la kampuni. Akiondoka au akifariki, kampuni inabaki na mashine na madeni, na jina linakwenda kwa warithi.

KABLA YA KWENDA KWA MSAJILI

Ndugu msomaji, chukua karatasi ufanye yafuatayo:

1. Andika kila kinachokuingizia fedha. Weka "kitu" au "kazi" mbele ya kila kimoja.
2. Tafuta kundi la kila kimoja, uchague yale unayoyafanya sasa au utakayoyaanza karibuni.
3. Fanya upekuzi katika daftari ujue kama jina linatumika. Epuka maneno yanayotaja bidhaa tu, kama "Unga Safi", kwani hayatofautishi chochote.
4. Omba kwa jina la yule anayepaswa kumiliki, yaani kampuni au mtu.
5. Usiweke alama ya ® kabla ya kupata cheti. Huko ni kumdanganya mteja.
6. Andika tarehe ya kuhuisha mahali utakapoiona, na fuatilia matangazo ya Msajili.

Mama wa Manzese akifanya hivyo leo, ataona kuwa mifuko yake ina ulinzi na kibao chake hakina. Ombi moja la kundi la 40 litaziba pengo hilo, mradi liwasilishwe kabla ya lile la jirani.